Nitaandikaje riwaya ya babu yangu wa mkonge?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Korogwe, nina miaka 36. Babu yangu mzaa baba alikuwa manamba. Alitoka Kasulu mwaka 1951, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge mpaka nguvu zilipomwishia, akafariki kabla sijazaliwa. Habari zake nilizipata kwa bibi, Mzigua wa hapahapa, ambaye naye alitutoka mwaka 2008. Bibi alikuwa akiisimulia safari ya babu utadhani unaiona: alivyopanda treni Kigoma, alivyonunua karanga kupitia dirishani, walivyoshushwa Ruvu usiku wa manane wakasubiri treni nyingine ya kuja Korogwe, baridi ikiwapiga. Kitu cha babu nilichonacho ni kipande chake cha kazi tu, karatasi ngumu iliyochakaa, tarehe imefutika, kimetiwa alama siku 17. Nimeandika kurasa 40 nikakwama. Zinasomeka kama muhtasari wa kikao. Aliyebaki anayejua mambo ni shangazi, dada mkubwa wa baba, ana miaka 70, lakini kila nikimuuliza ananijibu, 'Ya Kasulu yaacheni Kasulu.' Je, niandike ukweli nilionao au nibuni? Nifanyeje na shangazi? Na nisome nini? Nakiri riwaya nilizosoma ni zile za shuleni tu."

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu kidole changu kiliganda juu ya neno moja: Ruvu.

Mwaka 1951 hapakuwa na treni ya kutoka Ruvu kuja Korogwe. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, ilikwenda zake Dar es Salaam. Reli ya Tanga ilipita Muheza, Korogwe na Mombo, ikaenda zake Moshi na Arusha. Zilikuwa reli mbili zisizoonana. Njia ya kuziunganisha, ya kutoka Ruvu mpaka Mnyusi hapo jirani yenu, ilifunguliwa mwaka 1963, nchi ikiwa imeshapata uhuru. Kabla ya hapo mtu wa Kasulu aliyeandikishwa kuja mkonge alishuka mahali fulani kwenye Reli ya Kati, akamalizia safari ya kaskazini kwa lori, na katika miaka ya nyuma zaidi wapo waliomalizia kwa miguu. Kwa hiyo yule aliyekaa Ruvu usiku wa manane, baridi ikimpiga, si babu yako wa mwaka 1951.

Najua kitakachokujia kwanza ni kufuta. Utazifungua zile kurasa 40, utaondoa Ruvu, utaweka lori, na utajisikia umefanya kazi ya mtafiti. Nakuomba usifute. Mimi nilifuta, na nitakueleza ilinigharimu nini.

Babu yangu naye alikuwa manamba, wa kutoka Songea. Aliletwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya kuandikisha vibarua iliyoanza mwaka 1944, ilikuwa ikizoa vijana wa Kusini na wa Magharibi. Nimezaliwa kambini na kukulia kambini. Katika ukoo wetu palikuwa na jambo moja lililosemwa kila msiba, kila arusi, kila mtoto alipopewa jina: kwamba babu yake babu alikuwa mmoja wa wale 67 walionyongwa na Wajerumani pale Songea tarehe 27 Februari 1906, katika Vita vya Maji Maji. Msemaji alikuwa baba yangu mdogo. Akifika mahali pa kitanzi alikuwa anasimama wima, na sisi watoto tulikuwa tunaacha kutafuna.

Nilipoanza riwaya yangu ya kwanza nilifunga safari mpaka Songea, nikaenda kwenye Makumbusho ya Maji Maji, nikalitafuta jina letu. Sikulikuta. Nikawatembelea jamaa wa upande wa babu waliobaki huko. Mzee mmoja akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwa upole kwamba nyumba nyingi zina mtu wao kwenye kile kitanzi.

Nilirudi Tanga na hasira ya mtu aliyedanganywa tangu utotoni. Nikaandika riwaya isiyo na kitanzi. Kila tarehe ilikuwa sahihi, kila kituo njiani kilikuwa mahali pake. Mhariri aliyeipokea alinirudishia mswada na maelezo mafupi: watu wako wote wanajua tarehe, lakini hakuna hata mmoja anayeogopa kitu. Nilikaa na maneno hayo vibaya sana. Mswada niliufunga kwenye gunia la katani, haukufunguliwa miaka sita.

Miaka sita, mwanangu, ndiyo iliyonichukua kuuliza swali nililopaswa kuuliza siku ileile nikiwa Songea: kama hakunyongwa, alikufaje? Na kwa nini pakahitajika kitanzi? Baada ya mapigano, jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala ya chakula makusudi, ili njaa imalize kilichoanzwa na bunduki. Waliokufa kwa njaa katika vita ile walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi na kwa kamba. Sasa fikiria mtu aliyekufa ndani ya nyumba yake, amelala kwenye mkeka, tumbo limeshikana na mgongo, baada ya kumwachia mtoto konzi ya mwisho ya mtama. Mtu huyo hana mnara. Hakuna gwaride linalopita mbele yake. Mkewe alipoulizwa na watoto baba yao alikwendaje, aliwapa kifo ambacho wangeweza kukitamka mbele za watu. Uongo ule ulikuwa ndiyo mazishi aliyoyakosa.

Sina ushahidi wa hilo. Hakuna aliyenithibitishia. Lakini nilipoliona, riwaya iliamka. Ilianza na mtoto wa miaka saba anayemsikia mama yake akisimulia kitanzi kwa mara ya kwanza. Mtoto anajua si kweli, kwa sababu alikuwemo ndani ya nyumba siku ile. Anamtazama mama, mama anamtazama, mtoto ananyamaza. Ukurasa huo niliuandika usiku mmoja kwa kibatari, umeme ukiwa umekatika, na sikuugusa tena.

Ndiyo maana nakuambia usiifute Ruvu. Ona jinsi bibi yako alivyoisimulia. Mtu akibuni safari asiyoijua hubuni mwanzo wake na mwisho wake: alipanda, akafika. Hakumbuki kubuni kule kusubiri katikati, usiku, kwenye stesheni ambayo hana shughuli nayo. Karanga za dirishani mtu anaweza kuzisikia popote. Baridi ya Ruvu ni ya mwili uliokuwapo. Nitairudia hiyo mwisho, maana naona ndipo penye shangazi yako.

Nizungumzie kwanza kipande, kwa sababu umekitaja kama watu wanavyotaja picha ya ukutani, na mimi nilipokisoma niliinuka kitini.

Unakijua vilivyo kilikuwa nini? Kilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30. Kila siku uliyomaliza ngwe yako, yaani kipimo cha kazi cha siku, karani alitia alama. Usipoimaliza, siku hiyo haikuhesabiwa, hata kama ulikuwa shambani tangu alfajiri na mikono inavuja damu. Alama 30 zikitimia ndipo unalipwa, na kuzitimiza kuliweza kuchukua wiki sita. Kadi iliyojaa hurudi ofisini, mtu anachukua hela zake na kadi mpya. Sasa niambie, kadi gani inabaki nyumbani? Ni ile isiyojaa. Babu yako alikata mkonge siku 17, siku ya 18 hakwenda, na hakwenda tena kwa ajili ya kadi ile. Aliacha jasho la siku 17 kwa mwenye shamba. Kwa nini? Aliugua? Aligombana na mnyapara? Ilifika barua? Na kwa nini bibi yako akaitunza karatasi hiyo miaka yote, akahama nayo nyumba hadi nyumba, mpaka ikakufikia wewe?

Kurasa zako sijaziona, lakini nitakisia. Zinaanza babu akizaliwa Buha, nchi ya Waha kule Kasulu, zinakuja mwaka kwa mwaka. Ndiyo sababu zinasomeka kama muhtasari wa kikao. Ziweke kando, usizichome, utazihitaji. Anzia asubuhi ya siku ya 18. Kengele ya kambi imegongwa, wenzake wametoka na mapanga, yeye amekaa kitandani amevaa, hatoki. Mkewe yuko mlangoni. Wewe hujui kwa nini hatoki, na yeye usimharakishe.

Hapo ndipo linapokuja swali lako la ukweli na kubuni. Watu huniuliza hili kila ninapoalikwa mahali, na wengi wanataka niwape kibali cha upande mmoja. Mimi nimejiwekea mpaka, na umenisaidia: kwenye kazi na vitu sibuni, kwenye nia na maneno ya chumbani nabuni bila woga. Unga wa posho ulipimwa kwa chombo gani, majani ya mkonge yalifungwa mangapi katika fungu moja (yalikuwa 30), mwiba wa ncha unamchomaje mtu, maji ya jani yanavyowasha mpaka mkono unaota magamba, korona, ile mashine ya kusindika mkonge, inavyonguruma na kunuka kule mtoni ambako makapi yanamwagwa, singa, zile nyuzi za katani, zinavyoanikwa kwenye nyaya zikawa nyeupe kama nywele za mzungu mzee: hayo yatafute mpaka uyapate. Msomaji mmoja wa Muheza aliyekulia kambini akikukamata umekosea kwenye korona, hatakuamini utakaposema babu alilia.

Kilichomliza ni chako. Hakuna atakayekupa.

Huo mmea wenyewe una habari ambayo sijawahi kuitumia kitabuni, nakupa wewe. Mkonge si wa kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani, Dakta Richard Hindorf, aliuagiza kutoka Florida, Marekani. Miche 1,000 iliondoka huko. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 yakaja mashamba yote, reli zikapata shehena, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ya kwanza duniani kwa katani. Nilipokuwa mdogo nilidhani mkonge ulikuwepo tangu kuumbwa kwa dunia, kama mlima. Baadaye nilipojua nao uliletwa kwa safari ndefu, wengi wakafia njiani, niliutazama kwa jicho jingine kabisa. Ile mistari iliyonyooka mpaka upeo wa macho ilikuwa imepandwa wageni na kukatwa na wageni.

Ukitaka maandishi ya wakati ule, nenda Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, na kwenye maktaba ya Chuo Kikuu omba uone gazeti la Mambo Leo, ambalo serikali ya Waingereza ililianzisha mwaka 1923. Soma barua za wasomaji na habari fupi za wilayani zaidi ya makala makubwa, utasikia watu walivyokuwa wakiongea. Lakini usiende ukitarajia kumkuta babu. Kwenye daftari za mashamba utakuta namba, neno manamba lenyewe limetoka huko, na pembeni ya namba jina ambalo karani alilisikia vibaya au alilipunguza ili litoshe kwenye mstari. Wazee wengi wa kambini kwetu walikuwa na jina la kipande na jina la nyumbani, na wake zao wakiwaita kwa la tatu. Ulizia majina yote matatu ya babu yako. Ukiyapata, utajua nani alikuwa akimwita lini, na kila mazungumzo kwenye riwaya yatapata sauti yake.

Kuhusu kusoma. Umekiri umesoma za shuleni tu, na naona umeona haya. Usione haya. Nitakueleza mimi nilijifunzia wapi kusoma, kwa maana ya kusoma kwelikweli.

Nilikuwa darasa la nne. Kampeni ya elimu ya watu wazima ilikuwa imepamba moto nchini, lakini kambini kwetu wazee wengi bado hawakuweza kusoma barua, au waliweza polepole na hawakutaka kusomewa na mtu mzima atakayepeleka maneno. Mtoto alifaa. Jumapili nilikuwa nakaa kwenye kibao nje ya nyumba yetu, wanakuja mmoja mmoja na bahasha. Zote zilianza sawa: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Kisha salamu za fulani, za fulani, na za fulani. Kisha mvua. Kisha mbuzi. Na kule chini kabisa, karatasi ikiwa imekaribia kwisha, mstari mmoja: na jingine, mama alitutoka mwezi wa tatu.

Mzee wa kwanza niliyemsomea mstari wa namna hiyo hakusema kitu. Akaniambia, "Rudia." Nikarudia ule mstari. Akasema, "Hapana, rudia tangu mwanzo." Nikamsomea salamu zote upya, mvua, mbuzi, na safari hii nikaona kila neno limebadilika. Zile salamu nyingi zilikuwa mwandishi akijivuta miguu, hataki kufika. Nadhani siku ile nilijifunza kila ninachokijua mpaka leo juu ya hadithi, na sikuwa nimetimiza miaka 11.

Kwa hiyo ninaposema soma, ninasema soma hivyo. Soma mara mbili, na mara ya pili jiulize mwandishi anakawia wapi na kwa nini. Vitabu viwili nitavitaja kwa sababu vinagusa kazi yako moja kwa moja. Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert: mwandishi aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, anamwandika mwanamke aliyezaliwa Fumba katika umaskini, akaja mjini, na mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa Bombay. Tazama anavyoyashika mambo ambayo watu walimcheka nayo, anayataja, hayafichi, na bado heshima ya mama yule haipungui hata chembe. Utahitaji mkono huo kwa babu. Kingine ni Kuli ya Adam Shafi, ya mwaka 1979, juu ya wapagazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa mwaka 1948. Huko utajifunza kazi ya mabega inavyoweza kubeba hadithi, mpaka msomaji akahisi uzito wa gunia. Viwili hivyo, mara mbili mbili, kabla hujaongeza kingine. Na ukimaliza ukurasa wako wowote usome kwa sauti jikoni, mtu mwingine akiwepo anakuna nazi. Akisimamisha mbuzi ili asikie, umepatia.

Sasa shangazi. Hapa nitakwenda polepole, kwa kuwa ndipo nilipomkosea mtu.

Riwaya yangu ilipotoka, na ule ukurasa wa njaa, sikuwa nimemwambia kitu baba yangu mdogo. Nilijiambia nitampelekea kitabu kikishachapwa, kiwe zawadi. Aliletewa na mtu mwingine, akasomewa na mjukuu wake. Alikuwa mzee wa miaka 80 ambaye amesimama wima mbele ya kitanzi kile maisha yake yote. Nilipofika kumsalimia alinipokea, akaniagizia chai, akaniuliza hali ya watoto. Hakukitaja kitabu. Kwenye misiba miwili iliyofuata hakusimama kuusimulia ukoo. Alikaa na wenzake kwenye jamvi, na alipofariki hakuwa amesimulia tena. Bado naamini niliyoyaandika. Lakini nilimnyang'anya mtu kitu mbele za watu bila kumtazama usoni kwanza, na hilo sikuwa na haki nalo. Ningeweza kumsomea ukurasa ule nikiwa nimekaa chini miguuni pake, mapema, nikiwa tayari kubadilisha. Pengine angekataa. Pengine angenipa kitu ambacho sikukijua. Sasa sitajua.

Shangazi yako anaposema ya Kasulu yaacheni Kasulu, ameshakuambia mengi. Hakusema hajui. Hakusema hakuna kitu. Ametaja mahali, na amekuambia kuna kitu mahali hapo. Sisi tuliokulia kambini tunaweza kukisia: vijana wengi walioandikishwa walikuja kwa mkataba, waliacha nyumbani mke, au mchumba aliyekwisha kutolewa mahari, wengine waliacha watoto. Mkataba ukaisha, mtu hakurudi. Hapa akaoa Mzigua au Mbondei, akapata shamba la mihogo, akawa wa hapa. Kule kuna watu walioketi wakitazama barabara. Simwambii mtu kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa babu yako. Lakini kama ndivyo, basi shangazi halindi siri ya babu peke yake. Analinda nafasi ya mama yake, kwamba hakuwa wa pili. Ukimwendea na swali la je, babu alikuwa na mke Kasulu, umemwambia achague kati yako na mama yake. Atamchagua mama yake, na atafanya vyema.

Usimuulize hilo. Kama liko, litakuja lenyewe, au halitakuja, na riwaya inaweza kuishi na mlango uliofungwa ilimradi msomaji asikie kuna mtu nyuma yake.

Muulize ya mikono. Posho ya kambini walikuwa wakipikaje. Kambi ya Waha ilikuwa upande gani na maji walichota wapi. Babu alikula nini ambacho majirani walikicheka. Watu wa Kigoma hawaachi mawese hata wakiwa mbali, aliyapata wapi? Nenda siku ambayo ana kazi ya kufanya, ukaifanye naye. Simu ya kurekodi usiitoe siku ya kwanza, na siku utakayoitoa muombe ruhusa, uiweke mahali anapoiona. Akinyamaza, nawe nyamaza. Kimya kirefu cha mzee hakijazwi na kijana. Na mwambie tangu mwanzo kwamba kila utakachoandika kinachomhusu mama yake utamsomea yeye kwanza kabla ya mtu yeyote, kisha uitimize ahadi hiyo hata kama mchapishaji anakuita kila siku.

Na sasa narudi Ruvu, kama nilivyokuahidi. Treni ile ilianza mwaka 1963. Babu yako alikuwa ameshakaa hapa miaka 12 na zaidi. Shangazi yako, kama ana miaka 70, alikuwa mtoto wa miaka minane au tisa, au ameipita kidogo. Bibi yako alikuwa mama kijana mwenye nyumba yake. Mtu aliyesubiri pale usiku, akiwa na baridi ambayo aliikumbuka mpaka uzeeni na kuwapa wajukuu zake kama ya mumewe, naona ni yeye. Alikwenda Kigoma, au alikuwa akirudi. Pamoja na babu, au peke yake kumfuata. Alichokikuta huko alikifunga, akabaki na safari, na safari yenyewe akaivalisha miguu ya mume ili aweze kuisimulia. Ninaweza kuwa nimekosea. Lakini mtu anayeweza kukuambia yupo Korogwe hapohapo, na swali lenyewe halimgombanishi na mama yake hata kidogo. Mtoto husahau mengi, ila siku mama yake aliyosafiri huwa haisahau.

Kwa hiyo Jumamosi nenda na mihogo yako, kaa naye umenye. Katikati ya kumenya, bila kumtazama sana, muulize: "Shangazi, bibi alipokwenda na treni, wewe ulibaki na nani?"